Masikio ni ya Elide

Basi lilipomaliza kona ya tatu baada ya machimbo ya mawe, mwanamke aliyeketi mbele yangu aligeuka, jicho moja limezibwa kwa bandeji, akaniuliza kama mimi ni mtu wa kodi.

"Hapana," nikasema.

"Wa kupima mashamba?"

"Hapana, mama. Natafuta chumba."

"Cha kufanyia nini?"

"Kuandika."

"Kumbe huna kazi." Alinipima kwa lile jicho lililobaki kama mtu anayechagua kuku sokoni. "Chumba ninacho. Kina jiko la kuni, na juu yake ni dari la kukaushia zabibu. Kuanzia kesho utanisikia natembea kichwani mwako mpaka Januari. Ukiweza kuvumilia, shuka nami."

Nikashuka naye. Nilikuwa nimekaa Verona miaka kumi na miwili, nikifasiri barua za watu wengine, na mvinyo wa milima hii nilikuwa nimeunywa mezani kwa watu wanaofumba macho wakiuzungumzia. Huku juu unakotoka sikuwahi kufika. Kituo kilikuwa nguzo moja ya chuma mbele ya baa, na juu yake kijiji cha Sgarzole: nyumba kumi na tisa za mawe, kanisa, na kuta za mawe makavu zinazoshikilia mashamba yasiporomokee bondeni.

Jina lake Elide Scamperle, umri miaka sitini na saba. Alikuwa ametoka hospitalini, siku tisa, kutolewa mtoto wa jicho. Madaktari walitaka kumtibu macho yote mawili, akawaambia jicho la pili litasubiri mpaka mwaka mpya, kwa sababu kesho anakata masikio.

Yeyote aliyewahi kuishi karibu na milima hii anajua masikio ni nini. Kichala cha zabibu nyekundu za huku huota mabawa juu kabisa, begani, moja au mawili, yamejitenga na mwili wa kichala na kulielekea jua. Hayo ndiyo masikio. Punje zake zimeachana, upepo unapita katikati, na utamu wake haufanani na wa sehemu nyingine. Wazee walikuwa wanayakata hayo peke yake, wanayalaza juu ya vichanja darini miezi minne mpaka yanasinyaa kama vidole vya mtu aliyefua mchana kutwa, kisha wanayakamua katika baridi ya Januari. Unatoka mvinyo mwekundu mtamu, mzito, unaoitwa Recioto. Ukiusahau huo katika pipa ukaendelea kuchacha mpaka sukari yote ikaisha, unageuka mkali na mchungu, na huo ndio Amarone, unaolipiwa fedha nyingi na dunia nzima.

"Mtamu ndiye mama," Elide aliniambia tukipanda. "Yule mwingine ni mtoto aliyeharibika akatajirika. Sasa kila mtu anamjua mtoto, mama hakuna anayemsalimia."

Hatukupitia nyumbani. Alitaka kwanza kuona shamba la juu. Njiani aliniuliza kwetu ni wapi, nikasema Mombasa, kisha akanieleza la shamba hilo kwa maneno machache, kama mtu anayesema jambo lisilo na ubishi. Baba yake, Ermete, alikufa mwaka 1979. Usiku wa mwisho aliwaita watoto wake wawili akasema: shamba na nyumba ni vya Gaudenzio, masikio ya shamba la juu ni ya Elide mpaka afe. Sheria ilikuwa imempa Elide fungu lake la ardhi. Alikwenda mjini akasaini karatasi ya kumwachia kaka yake fungu hilo lote, kwa sababu baba alikuwa ameshasema, na masikio yalimtosha.

Msomaji wa pwani hatashangaa. Pemba mtu anaweza kurithi mkarafuu bila kurithi udongo unaousimamisha, na mti ukawa wake kweli, watu wakamheshimu kwa mti huo. Mali ni kile ambacho majirani wanakubali kwamba ni chako. Ndivyo nilivyoamini wakati tunapanda.

Shamba lilikuwa tupu.

Mizabibu ya pale hutambazwa juu ya miti na nyaya kama paa, mtu anatembea chini yake. Elide aliingia chini ya paa hilo, mkono ameuinua, anapapasa. Majani yalikuwapo, yameanza kugeuka rangi. Zabibu hazikuwapo hata moja. Alipapasa kikonyo kimoja, cha pili, cha kumi. Niliona anasoma kwa vidole.

"Wamekata kichala kizima," akasema. "Wamekata kama mtu anayekata majani ya ng'ombe."

Kisha akateremka. Mimi nina miguu ya mtu wa kusafiri lakini sikumpata mpaka uani.

Uani palikuwa na kijana wa miaka thelathini na mitatu, buti za mpira, anaosha makreti ya plastiki kwa mpira wa maji. Huyo ndiye Denis, mtoto wa Gaudenzio. Mama yake alikufa Denis akiwa na miezi miwili, na Elide ndiye aliyemlea. Hatua zake za kwanza alizipiga darini, ameshika miguu ya vichanja. Gaudenzio mwenyewe, mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa ameketi kwenye benchi la jiwe, bakuli la njugu za porini mapajani, zile kubwa za kuchoma, anazichana ganda kwa kisu.

"Shangazi!" Denis akazima maji. "Si ulisema Ijumaa? Jicho vipi?"

"Jicho linaona. Masikio yangu yako wapi?"

"Kaa kwanza, umetoka hospitali."

"Nimekaa siku tisa. Masikio yangu yako wapi, Denis?"

"Mvua ilikuwa inakuja Jumatano. Ulitaka nifanye nini? Nikungoje wewe na mkasi wako, sikio moja moja, wiki nzima? Nimeleta wakataji, siku moja na nusu, kwisha kazi. Yako kule kwenye ghala jipya la bondeni. Makreti elfu moja na mia nane, feni zinavuma, mashine inakausha hewa. Hakuna punje itakayooza, Shangazi. Hakuna!"

"Nimekuuliza habari ya kuoza?"

"Sasa unauliza nini?"

"Nauliza kwa nini hukuniuliza. Simu hospitalini ipo. Nesi alinipitishia hata simu ya Nives wa baa, alitaka kujua kama nimeona gauni la mke wa daktari. Wewe hukuona namba?"

Denis alifuta mikono kwenye suruali. Hakuwa mtu mbaya. Ilinichukua wiki kadhaa kulikubali hilo, na hata leo nalikubali kwa shida.

"Basi sikiliza," akasema. "Chukua makreti mia moja. Haya, mia mbili! Nitakupandishia mwenyewe mpaka darini. Fanya nayo unavyotaka."

"Nikipokea kreti lako, mimi ni ombaomba. Nikikata sikio langu, mimi ni mwenye mali."

"Mwenye mali kwa karatasi gani, Shangazi?"

Alisema polepole, bila kelele. Nadhani hata yeye hakutarajia neno hilo litoke. Maji yaliyobaki katika mpira yaliendelea kudondoka juu ya mawe.

Elide alimgeukia kaka yake.

"Mwambie."

"Nimwambie nini?" Gaudenzio alikuwa anatazama njugu.

"Baba alisema nini? Tulikuwa wawili chumbani. Mmoja ni mimi. Mwambie."

"Alisema mengi." Kisu kilizunguka ganda taratibu. "Alikuwa na homa. Siku nyingi zimepita, Elide."

Elide alilichukua lile bakuli mapajani pake, akalipeleka mpaka mtaroni, akalipindua. Akalirudisha tupu, akaliweka palepale mapajani. Kisha akaniambia mimi, "Mombasa, chumba chako ni hiki," na tangu siku hiyo kijiji kizima kiliniita Mombasa.

Kesho yake alfajiri alitoka na mkasi na kikapu. Nilimfuata kwa sababu ya udadisi, ambao ndio umeniendesha maisha yangu yote, na kwa sababu aliniambia nibebe kikapu cha pili. Ghala lilikuwa nusu saa kwa miguu, jengo la zege na bati, mlango haukufungwa. Ndani makreti yalipangwa mpaka juu, feni zinapuliza, baridi safi na harufu ya zabibu. Alivuta ngazi, akateremsha kreti, akaanza kukata masikio kwenye vichala. Kreti moja, mawili, matano. Akikata alikuwa anaongea na zabibu: hili la juu, mtoto wangu, hili wamelibonyeza, washenzi, hili njoo.

Siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alikuwa na masikio ya kujaza kichanja kimoja. Dari lake lina vichanja arobaini.

Siku ya nne tulikuta kufuli.

Denis alitusubiri nje pamoja na mtaalamu wa mvinyo, bwana mmoja wa adabu nyingi, koti safi, anayetoka mjini mara mbili kwa wiki. Alimweleza Elide kwamba zabibu zikishalazwa hazipaswi kuguswa, kwamba kila kidonda cha mkasi kinakaribisha kuvu, kwamba ngozi ikipasuka jirani zake wote wanaambukizwa.

"Baba wewe," Elide akamkatiza, "mimi nilikuwa nafanya hivi kabla mama yako hajajua kwamba kuna wanaume."

"Sina shaka, mama. Ndiyo maana unajua nasema kweli."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomchoma. Alijua. Yeye mwenyewe aliwafundisha wanawake wa kijiji kwamba sikio hukatwa mtini, likalazwa mara moja, lisiguswe tena. Angemchapa mtu yeyote aliyefanya alichofanya yeye siku zile tatu. Lakini hasira ilikuwa imempa mkasi, na mkasi ukishakuwa mkononi mtu haoni.

Ningependa kuandika kwamba feni za Denis ziliharibika, kwamba kuvu ilikula makreti yote elfu moja na mia nane na kiburi kikaanguka kifudifudi. Hadithi za aina hiyo zinapendwa. Feni zilifanya kazi kama saa. Kilichooza ni kile kichanja kimoja.

Nililala chini yake, kwa hiyo najua alivyokipigania. Dari lina madirisha kumi na manne, saba kila upande, yenye mbao za kufunga. Upepo ukishuka kutoka milimani Elide anafungua ya kaskazini. Ukungu ukipanda kutoka tambarare anafunga yote, haraka, kabla haujagusa zabibu. Kila alfajiri nilisikia miguu yake, kisha mbao, bam, bam, na matusi katikati. Madirisha kumi na manne kwa ajili ya kichanja kimoja. Nilimwambia mara moja kwamba angeweza kukihamishia chumbani kwangu, kuna nafasi.

"Na vichanja vingine vitafikiri nini?" akasema.

Katikati ya Novemba aliniita nipande. Masikio yalikuwa na manyoya ya kijivu. Aliyageuza kwa kidole, moja moja, mpaka la mwisho. Hakulia. Alikunja turubai lote la kichanja, zabibu ndani, akafungua dirisha la kusini na kulimwaga chini, juu ya gari la Denis. Denis alitoka, akatazama juu, akatazama gari, akarudi ndani. Siku hiyo nilitamani agombe.

Niseme kilichokuwa hatarini, kwa maana wageni waliopita chumbani mwangu walidhani ni ukaidi tu wa mzee. Elide hakuolewa. Hakuwa na shamba, nyumba, wala mtoto wa kumzaa. Alichokuwa nacho ni pipa moja dogo kila mwaka. Mtoto akibatizwa Sgarzole, Elide alikuwa anamtengea chupa kumi na mbili za masikio ya mwaka wake, anazilaza katika chumba chake cha chini ya ardhi, jina limeandikwa kwa chaki ukutani, na siku ya harusi ya mtoto huyo chupa zinapanda juu. Watu waliohamia Milano walirudi kuzichukua. Mmoja alitoka Ajentina. Mwanamke anayeshikilia harusi ya kila mtu chini ya sakafu yake si mtu wa kupitwa njiani bila salamu. Mwaka huo walibatizwa watoto wawili, Matilde na Giosuè, na ukuta wao haukuandikwa kitu. Januari ikiingia bila masikio, Elide anabaki dada wa Gaudenzio, mzee wa chumba cha nyuma. Na alijua kwamba ukipita mwaka mmoja, wa pili hautaulizwa hata kidogo.

Watu walilijua jambo lote. Hapo ndipo hasira yangu mimi ilipoanzia. Nives wa baa alijua, kwa kuwa marehemu mama yake alimpikia Ermete supu za mwisho. Wazee wa karata walijua. Wote walikunywa masikio katika harusi za watoto wao. Ukiwauliza mmoja mmoja, wanakwambia, "Ndiyo, ni yake, nani hajui?" Ukiwauliza mbele ya Denis, wanaulizana nani anagawa karata. Nimekaa katika miji ambako watu huogopa askari, na mingine ambako huogopa majini. Sgarzole waliogopa kuonekana wameingilia nyumba ya mtu. Ni woga wenye adabu sana. Unavua kofia, unafuta miguu mlangoni, na unaacha mtu azame.

Gaudenzio nilimwendea mwenyewe, mwezi Desemba. Alikuwa anakula polenta, ugali wa mahindi wa huku, na vipande vya nyama ya punda, peke yake.

"Alisema au hakusema?" nikamuuliza.

"Mombasa, wewe huna mtoto wa kiume."

"Sina."

"Basi." Akaendelea kula. Baadaye akasema, "Denis amekopa benki kujenga ghala lile. Ana mchumba. Mwezi wa tano anaoa. Sasa nimwambie nini? Kwamba nusu ya utamu wa shamba bora si wake?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Wewe ni mtu wa maneno," akasema, kama vile ni ugonjwa, akanisukumia sahani ya jibini.

Wiki ya pili ya Januari, Jumapili moja baada ya misa, Elide aliniomba nimsaidie toroli. Tuliteremka chumba cha chini. Kwenye ukuta, juu ya rafu ya kona, chaki ilikuwa imeandika DENIS 1981. Alizitoa chupa zote kumi na mbili, akazipanga kwenye toroli juu ya blanketi, kisha akafuta jina kwa kiwiko cha koti.

"Elide," nikasema.

"Sukuma."

Baa ilikuwa imejaa. Gaudenzio alikuwa meza ya dirishani na wazee wenzake watatu, karata mkononi. Elide aliingia na chupa nne kifuani, mimi nyuma yake na nyingine.

"Nives, glasi. Zote ulizo nazo."

"Nani amekufa?"

"Bado. Leta glasi."

Alianza kufungua. Vizibo vilikuwa vyeusi, vinavunjika. Alivikwangua kwa kisu. Alijaza glasi, akazigawa mwenyewe, mkono kwa mkono, kuanzia wazee mpaka dereva wa basi aliyekuwa anangoja saa yake. Mvinyo ulikuwa na rangi ya damu iliyokauka ukingoni. Nilipouonja nilikuta cheri, moshi wa kuni, kitu kama ngozi ya kiti cha zamani, na chumvi kidogo mwishoni iliyonifanya nitake tena kabla sijameza. Mzee mmoja alivua kofia.

"Hizi si za Denis?" Nives akauliza kwa sauti ya chini. "Si za harusi?"

"Zilikuwa."

Mtu alikwenda kumwita. Daima yuko mtu wa kwenda kuita. Denis aliingia na buti zake, mikono myekundu kwa kuosha mapipa, kwa kuwa kesho yake walikuwa wanaanza kukamua. Aliona chupa mezani. Saba zilikuwa tupu.

"Shangazi. Hizo ni zangu."

Elide alikuwa anamimina. Hakuacha kumimina.

"Kwa karatasi gani?"

Hakuna aliyecheka. Uso wa Denis ulipata umri wa miaka sita mbele ya macho yetu.

"Umeniwekea tangu nabatizwa. Kila mtu hapa anajua ni zangu!"

"Aa. Kila mtu anajua." Akaijaza glasi ya mwisho, akaiweka mbele ya kaka yake. "Gaudenzio, hebu tusaidie. Wewe ulikuwepo siku nilipoandika jina ukutani. Ulinishikia taa. Ni za nani?"

Gaudenzio alikuwa ameshika karata tatu. Aliziweka chini, zimefunikwa, kwa uangalifu, kama mtu anayetarajia kuendelea na mchezo. Alichukua glasi. Alikunywa nusu, akakaa nayo mdomoni muda mrefu. Macho yalimjaa maji. Nilisema moyoni: sasa. Dada yake na mwanawe wote walikuwa wanamtazama, na kila mmoja alikuwa anahitaji neno lilelile.

"Mtamu," akasema Gaudenzio.

Denis akatoka. Elide alifungua chupa ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili, akamimina mpaka zikaisha, na watu wakanywa, nami nikanywa, kwa sababu ni mvinyo ambao haukataliki, na hiyo nayo ni aibu yangu.

Alhamisi yake alikuwa kituoni na sanduku moja na mkasi wake umefungwa kwa kitambaa. Binamu yake Ottavia, upande wa Soave, alikuwa na dari la zabibu na mgongo mbovu, na alitaka mtu anayejua madirisha.

"Nyeupe," Elide aliniambia. "Umri huu, niende kulaza zabibu nyeupe! Baba anageuka kaburini kama kuku wa kuchoma. Lakini Ottavia alipiga simu. Unaelewa? Alipiga simu akauliza."

Aliniambia kuni za chumbani zitatosha mpaka Machi. Ufunguo wa darini upo juu ya kizingiti. Madirisha ameyaacha wazi yote kumi na manne, na nisiyafunge.

"Hata ukungu ukija?"

"Uingie. Kuna nini cha kuharibu?"

Basi lilikuwa limeshawasha injini tulipomwona Gaudenzio anateremka kutoka nyumbani, bila kofia, anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Alifika akashika mlango wa basi kwa mkono mmoja. Dereva alizima injini. Alikuwa amekunywa Jumapili, na alijua.

"Alisema, Elide," Gaudenzio akasema, anahema. "Baba alisema. Masikio ya shamba la juu, mpaka ufe. Nilikuwa nimemshika mkono."

Elide alimtazama kwa jicho lililotibiwa na lile lenye ukungu.

"Mimi naambiwa ya nini? Najua alisema. Nilikuwepo."

"Nilitaka ujue kwamba mimi..."

"Denis yuko wapi sasa hivi?"

"Juu. Wanakamua."

"Basi mwambie Denis. Nenda sasa, kabla ya chakula. Akilijua kutoka mdomoni mwako, Septemba nitarudi na mkasi wangu. Asipolijua, usinitumie hata kadi ya Krismasi."

"Nitamwambia."

"Leo, Gaudenzio."

"Leo, leo."

Alipanda. Hakukaa upande wetu. Basi lilishuka kona ya kwanza, likaonekana tena chini ya ukuta wa mawe, likapotea nyuma ya machimbo. Kutoka juu, nyumbani, ilikuja sauti ya mashine ya kukamua, na harufu ya zabibu ikateremka mpaka kituoni, nzito na tamu.

Tulibaki wawili kando ya nguzo ya chuma. Kushoto njia inapanda kwenda kwa Denis. Kulia ni hatua tano mpaka mlango wa baa, na kupitia kioo niliwaona wazee watatu na kiti kimoja kitupu. Gaudenzio alijifuta uso kwa leso, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Ni mwanamke mgumu," akaniambia.

Akaenda kulia.

"Gaudenzio!" nikapiga kelele. "Nyumbani ni juu!"

Aliinua mkono bila kugeuka, kama mtu anayemjibu mgeni aliyemsalimia kwa mbali, na mlango ukajifunga nyuma yake.